Mwaka Mtaro Uliposiribwa

Tekla alipofika mwezi uliopita sikumjua. Nilimwona mama mnene mwenye fimbo akishuka garini mbele ya nyumba yangu, kichwa kimekuwa cheupe chote, nikadhani ni mtu wa chanjo, nikaendelea kupepeta kunde zangu. Mpaka alipoinama kwa shida, akachota udongo wa uani kwangu, akausugua kwa kidole gumba, akaulamba, ndipo nikaweka ungo chini. Katika maisha yangu ni mtu mmoja tu niliyemwona analamba udongo bila kuwa na mimba. "Wewe mwanamke," nikamwambia, "hujaacha tu?" Akasema, "Na wewe Mwajuma bado unawatazama watu kama mbuzi walioingia shambani." Tukashikana, tukacheka mpaka fimbo ikaanguka. Aliyemleta ni mjukuu wangu Rukia, ambaye yuko chuoni Dar es Salaam anasomea mambo ya ardhi na miamba, na mwalimu wake aliwahi kuwa mwanafunzi wa Tekla. Sisemi hayo kwa kujisifu. Hapana, nasema kwa kujisifu kabisa. Wakakaa siku ile, wakala, wakaenda kuangalia ile ngazi ya ardhi nyuma ya zahanati, pale uwanja ulipokatika ukashuka, na jioni Rukia akaniambia, "Bibi, mwaka ule uandike wewe mwenyewe, kwa sababu Profesa Tekla anaandika vipimo tu, haandiki watu." Basi naandika. Nimezaliwa na nani na tulikuwa wangapi nyumbani, hayo hayahusu hapa.

Mwaka ule nilikuwa bado naitwa bi harusi, na nilikuwa nimekwisha kuzika. Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani. Kijiji chetu kiko upande wa Kwamsisi, na siku zile kwenda hospitali ilikuwa safari ya kuvuka mabonde. Mume wangu Rajabu alifunga ubao nyuma ya baiskeli, akanipakia, akawa anasukuma huku mama yake anakimbia pembeni na mwavuli. Mtoto alitoka kabla hatujaifikia barabara kubwa, kwenye majani, mvua inanyesha, na hakulia. Hilo nalisema mara moja na silirudii. Ila msomaji alijue, maana ndilo lililonifanya nibebe maji na matofali kuliko mwanamke yeyote kijiji kilipoamua kujenga zahanati. Wenzangu walikuwa wakichota ndoo moja wanakaa wanapiga soga. Mimi nilikuwa naona kitanda. Katika kila tofali nilikuwa naona kitanda chenye shuka, na mtu aliyesomea kuzalisha amesimama pembeni yake.

Msingi ulikuwa umefika usawa wa goti ardhi ilipotikisika. Nilikuwa nasonga ugali. Sufuria ikahama yenyewe juu ya mafiga, ikatembea kama kuku aliyefungwa mguu, na mimi na mwiko wangu nikaifuata, kwa sababu akili ilikuwa bado haijanifikia. Kisha nikasikia watu wanaita jina la Mungu kila upande. Haikuchukua muda. Hakufa mtu, ila jiko la jirani liliangukia mbuzi wake, na tulipokwenda kuangalia msingi wa zahanati tukaukuta umepasuka toka upande mmoja hadi wa pili, ufa unaoingia mkono. Taarifa zikaenda wilayani, jibu likarudi kwamba tusimame, tusiweke hata tofali moja, hadi wataalamu waje waseme kama pale panafaa. Na nesi aliyekuwa amepangiwa kuja kwetu akaambiwa angoje hukohuko aliko. Mvua za masika zikayanyeshea matofali yetu, majani yakaota juu yake, na katikati ya mvua hizo mimi nikaanza kutapika asubuhi. Rajabu alipojua akasema, "Safari hii tutahamia mjini mapema." Nikamwuliza tutakaa kwa nani. Akatoka kwenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Wataalamu walikuja masika yalipoisha. Nilitegemea wazee wenye miwani, akashuka msichana aliyevaa suruali na kanga juu ya suruali, na nyundo kiunoni. Ndiye Tekla. Wazazi wake walikuja Korogwe kukata mkonge, akazaliwa huko kambini, akasoma mpaka akamaliza kila shule iliyokuwepo. Alikuwa na dereva wake, Hoza, Msambaa wa Lutindi, mwenye mdomo usiopumzika. Kwanza walikuwa wamekaa Korogwe ya Zamani wakipima upande ule wa mto, kisha wakahamia kwetu, wakapewa ghala la mazao, na mimi nikachukuliwa kuwapikia. Ghala lile nalikumbuka kuliko chumba changu cha harusi. Lilinuka mahindi ya mwaka wa nyuma na panya. Vitanda viwili vya kamba, pazia la gunia katikati kwa ajili ya heshima, meza ya mbao juu ya makreti, na juu ya meza mawe, udongo kwenye mifuko, ramani zilizobanwa kwa mawe mengine. Nilikuwa nikifagia naambiwa, "Hilo usitupe." Jiwe lolote nililoshika lilikuwa na kazi.

Niliwapikia bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu, niliwapikia mlenda, maharage, na kunde kila zilipopatikana. Hoza akiinua kijiko anasema, "Mzigua akipika mlenda, kijiko kinateleza mpaka Tanga." Namjibu, "Na Msambaa akikaribishwa leo, kesho anarudi na sahani ileile." Tekla anacheka, chakula kinampalia. Mimi nilikuwa nimezoea watu waliosoma wanaokula kama wanafanya mtihani. Hawa walikula kama sisi, wakanyang'anyana ukoko. Siku moja nilipika chapati, na Tekla akazipanga tano, moja juu ya nyingine, akachukua kisu akazikata katikati hadi chini, akausukuma upande mmoja ukashuka. Nikamwambia kwetu chakula hakichezewi. Akasema, "Ngoja, dada. Hii ndiyo ardhi yenu. Kila chapati ni udongo uliolala juu ya mwingine, wa chini ndio wa zamani. Tetemeko likipasua mpaka juu, upande mmoja unashuka. Ile ngazi mnayoiona pale shambani, ndiyo hii." Kisha akachukua chapati ya sita, akaifunika juu ya zote. "Hii imekuja baada ya kisu. Haina kidonda. Nikiichimba ardhi nikaikuta chapati ya juu nzima, na nikajua ina umri gani, nimejua ufa umelala muda gani." Nikamwuliza, na ikiwa ya juu nayo imekatika? Akamega ile ya juu, akala.

Jibu nilikuja kulisikia mwenyewe, sikulitafuta. Nilikuwa naleta birika la chai ya mchaichai, nikasimama nyuma ya mlango nikitafuta jinsi ya kuusukuma kwa mguu, nikamsikia Hoza anauliza, "Sasa hawa watu watajenga au hawajengi?" Tekla akasema, sauti yake ya kazi, siyo ile ya mezani, "Kama tabaka la juu limekatika, ufa uko macho, na mimi siruhusu hata banda la kuku. Zahanati itakwenda kijiji kingine. Haitakuwa na namna." Hoza akasema, "Na huyu Mwaju na tumbo lake?" Tekla akasema, "Ndiyo maana siwezi kukosea." Niliingia nikamimina chai, mikono imetulia, maana mikono yangu haijawahi kunisaliti. Lakini toka siku ile kila aliposhuka kwenye mtaro, mimi nilikuwa nashuka naye rohoni.

Mtaro ulichimbwa mwisho wa shamba la mama mkwe wangu, Bi Nuru, hatua chache kutoka kwenye msingi uliopasuka, ukakata ile ngazi katikati. Wanaume walichimba mpaka mtu akisimama ndani haonekani, wakaweka mbao kuzuia kingo. Kuna waliosema wanatafuta dhahabu, wakaja kuchungulia, wakaona udongo, wakarudi na kusema dhahabu imefichwa. Tekla alikuwa akiukwangua ukuta wa mtaro kwa kisu kidogo toka asubuhi mpaka jua linapopinda, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto. Kisha akapiga misumari, akafunga kamba zilizopita wima na ulalo, akaweka vitambaa vidogo vya rangi palipo na kitu anachokitaka yeye. Nilipompelekea chakula niliuangalia ule ukuta na sikuona kitu isipokuwa ukuta uliochanjwachanjwa. Nilitaka nione hiyo chapati ya juu. Niliitafuta mpaka macho yakaniuma. Mwenyewe alisema bado haoni vizuri, kuna mizizi imevuruga, na kwamba amemwita mwalimu wake aje waangalie pamoja kabla ya kusema neno.

Kwenye mkutano wa kijiji akatangaza, "Mwalimu wangu, mzee sana na mtu mkubwa, anakuja kuuangalia ukuta wetu. Naomba wote tuutunze." Watu wakapiga makofi. Na hapo ndipo lilipoingia lile ambalo Tekla, na elimu yake yote, asingeweza kulijua, na sisi tusingeweza kudhani kuna asiyelijua. Kwetu nyumba haipokei mgeni wa heshima na ukuta wenye nyufa. Kabla ya harusi, kabla ya Idd, kabla ya mkwe kuja, wanawake wanachota udongo mwekundu kule bondeni, wanauponda, wanauchanganya na maji na majivu, wanausiriba ukuta kwa viganja mpaka unang'aa. Mwanamke anajulikana kwa kiganja chake. Na kiganja cha Bi Nuru kilikuwa kinajulikana mpaka vijiji vya jirani.

Siku ya kumpokea mwalimu nilikwenda nao Korogwe, kununua mchele na samaki wa kumpikia. Tulimkuta Korogwe ya Zamani kwenye nyumba ya wageni karibu na mto, anakunywa chai na andazi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa. Alikuwa amegeuza kiti kutazama milima ya Lutindi. "Ona ilivyonyooka," akamwambia Tekla, "kama imekatwa na mtu mwenye haraka." Wakaanza mazungumzo yao, ufa mkubwa huu na mdogo ule, upi unauvuta upi, mimi nikawa nakula andazi langu na kusikiliza, na sikuelewa ila nilielewa kwamba hawaogopi kama ninavyoogopa mimi. Kisha mzee akanigeukia. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mama kijacho. Na wewe unaogopa tetemeko?" Nikamwambia, "Tetemeko lilikwisha kuja likaondoka. Ninachoogopa ni jibu lako." Hoza akakohoa kwenye kikombe. Mzee akavua kofia yake, akaiweka mezani, akamalizia chai yake.

Tulipofika kijijini tulikuta wanawake wamejipanga njiani, kanga za kutokea, na mikono yote imeiva wekundu. Mimi nilijua palepale. Mtoto akageuka tumboni. Bi Nuru alikuwa mbele ya wote. Akamshika mzee mkono, akamwongoza mtaroni kama anavyomwongoza bwana harusi, na sisi nyuma. Tekla alichungulia ndani, akakaa chini kwenye kifusi. Ukuta mzima ulikuwa umesiribwa. Mwekundu, laini, unateleza kama shavu la mtu aliyepakwa mafuta, na juu kabisa wamepitisha vidole kuchora mawimbi, na chini wamepiga mstari wa udongo mweupe. Misumari yote ilikuwa imeng'olewa ikawekwa kwenye kopo, imefutwa. Kamba zimeviringwa vizuri. Vitambaa vimefuliwa, vimeanikwa kwenye kichaka.

Mzee alishuka kwenye ngazi, akaenda mpaka mwisho wa mtaro, akarudi. Aliugusa ukuta kwa mgongo wa kidole. "Fundi ni nani?" akauliza. Bi Nuru akasema, "Mimi, baba. Na wenzangu. Pembe ile ya mwisho utusamehe, udongo ulikwisha." Akasema, "Hapana, ni kazi nzuri sana." Hapo Tekla akalia. Alilia kama msichana, kwa kwikwi, na wanawake wakaangaliana, wakadhani ni furaha, mmoja akapiga kigelegele. Ilibidi mimi niende kwa mama mkwe wangu, nimvute pembeni, nimwambie, "Mama, jibu lilikuwa kwenye ule ukuta. Walikuwa wanausoma." Akaniangalia. "Wanausoma nini? Ulikuwa mchafu." Nikamwambia kuhusu zahanati kwenda kijiji kingine. Bi Nuru ni yule aliyekimbia na mwavuli kwenye mvua. Sikuhitaji kumalizia. Alikaa chini palepale, akaiangalia mikono yake miwili mpaka nikaona haya kuwepo.

Siku mbili tatu hakukulika ghalani. Nilipika, nikaokota vyakula vizima. Tekla alisema apandishwe gari aondoke, hana ushahidi, aandike tu kwamba pasijengwe, ndiyo salama kwake. Mwalimu wake alikuwa anamenya chungwa. Akamwambia, "Udongo wako haujaenda popote, binti. Umevaa nguo tu. Kata ukuta kwa ndani, shubiri moja, uanze upya." Tekla akasema nguvu kazi hana, wanaume wamekwenda kuvuna. Mzee akasema, "Mafundi unao." Basi Tekla akaenda mwenyewe uani kwa Bi Nuru. Akasema, "Shikamoo bibi. Mliosiriba ndio mtakaobandua." Bi Nuru akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kunoa visu."

Na wakabandua. Tekla aliwaonyesha namna ya kushika kisu, awaachie ukuta, arudi awakemee, "Bibi, polepole, si magamba ya samaki." Bi Nuru anamjibu, "Ungesema toka mwanzo hutaki upendeze." Walishuka ndani kwa zamu, wakiimba, wakisimangana nani alipaka udongo mnene kama keki. Mimi sikuruhusiwa kushuka kwa sababu ya tumbo, nikakaa juu kwenye kifusi kuwachambulia mboga na kuwaangalia vichwa. Walipovuka udongo wao wakaendelea ndani ya udongo wa Mungu, shubiri ile aliyosema mzee, wakapita mizizi iliyokuwa imevuruga. Tekla alipita nyuma yao na kisu chake kidogo. Nikamwona amesimama. Uso uko karibu kabisa na ukuta. Akachota kidogo, akalamba. "Wote tokeni," akasema taratibu. "Mwalimu, njoo."

Nilichokiona toka juu nilikiona kwa macho yangu, ndiyo maana nakiandika. Ufa ulionekana wazi sasa, mstari mweusi ukipanda toka chini, matabaka ya upande mmoja yameshuka kama zile chapati. Ukapanda, ukapanda, kisha ukaishia. Juu yake kulikuwa na tabaka la kijivu, jembamba, limelala moja kwa moja toka upande huu hadi upande ule, halina kidonda. Ndani ya tabaka hilo kulikuwa na majivu, vipande vya chungu kilichovunjika, na mawe matatu yamekaa kama yalivyowekwa. Mafiga. Tekla akapandisha uso, akanitafuta juu. "Mwaju," akasema, "mtu alipika hapa, ufa ukiwa umekwisha kulala. Hawa watu ni wa zamani kuliko babu wa babu yako. Na toka wapike, haujaamka." Nikamwuliza, "Chapati ya juu?" Akasema, "Nzima."

Sikupiga kelele. Watu huuliza nilifanya nini, na Rukia naye aliuliza. Niliendelea kuchambua mboga. Nilichambua mpaka nikagundua nimetupa majani na kubakiza vijiti.

Kwenye mkutano Tekla hakusema maneno matamu, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema makaa ya yale mafiga yatapelekwa kupimwa umri, lakini aliyoyaona yanatosha. Alisema juu ya mstari wenyewe tusijenge kitu, ule msingi tuuache, tusogee upande wa juu, ng'ambo ya njia. Alisema lile tetemeko lilitoka kwingine, udongo wa msingi ule ni laini ndiyo ukapasuka. "Ardhi itatikisika tena," akasema. "Hilo siwezi kuwazuilia. Kinachoua ni ukuta. Wekeni mkanda wa zege juu ya kuta zote, bati badala ya paa zito, na nyumba itacheza bila kuanguka." Mzee mmoja akauliza kama na jiko lake liwekwe mkanda. Akamwambia ndiyo. Nusu ya majiko ya kijiji chetu leo yana mkanda, na Rukia ameyapiga picha kuwaonyesha wenzake. Mwalimu mzee yeye aliomba jambo moja kabla ya kuondoka, kwamba ile pembe ya mtaro iliyobaki na udongo mwekundu isibanduliwe. Aliipiga picha nayo. Bi Nuru akasimama pembeni yake, hakucheka, akaonyesha viganja.

Ruhusa ilipotoka nesi alikuja kabla ya jengo. Jina lake Fausta, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sanduku la bati. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha, hazina paa, akasema yeye hakuja kungoja bati, apewe chumba chochote chenye mlango. Akapewa ofisi ya kijiji. Akaiosha kwa sabuni kuanzia dari, akafunika meza ya mwenyekiti kwa mpira na shuka mbili. Uchungu ulinianza wakati wa vuli, asubuhi, nikiwa natwanga. Niliweka mchi ukutani, nikatembea kwa miguu yangu, nikapita uani kwa Bi Nuru, nikamwambia, "Mama, twende," na tukafika kabla jasho halijanitoka. Kuna watu hawatajua raha ya sentensi hiyo.

Nililala kwenye meza, Fausta akanisemesha, ananigombeza na kunisifu kwa pumzi moja. Mlangoni nikamsikia mwenyekiti na mtu mwingine. Huyo mtu alikuwa na ng'ombe anampeleka mnadani, anataka barua yenye muhuri, na muhuri ulikuwa ndani ya droo ya ile meza, chini ya mgongo wangu. Mwenyekiti akabisha. Fausta akasema bila kugeuka, "Ofisi imefungwa, mwenyekiti. Kuna mtu anazaliwa." Akauliza itachukua muda gani. "Muulize mwenyewe akifika." Rajabu alikuwa nje nao, sikumsikia kabisa, na baadaye nikaambiwa alikuwa amemshikia yule bwana kamba ya ng'ombe muda wote, na aliishika kwa nguvu kiasi kwamba walipata shida kumnyang'anya.

Mtoto alilia kabla hajatoka mwili mzima. Sauti nene, ya hasira, kama mtu aliyeamshwa. Bi Nuru akageukia ukutani. Fausta akamfuta, akaniwekea kifuani, akasema, "Umemaliza, mama. Lala." Nililala mchana kweupe, juu ya meza ya serikali, na usingizi ukiwa unanichukua nikamsikia mwenye ng'ombe anauliza ni nani, akaambiwa ni msichana, akasema basi yeye atangoja.